Jicho Linalotiririka Machozi Laweza Kuwa Kavu: Namna Ukavu wa Macho Unavyopimwa

Msimu wa kuvuna vitunguu unapofika katika bonde la Lumuma, si ajabu kumwona mtu akifuta macho kwa pindo la kanga. Kitunguu kinapokatwa hutoa hewa kali inayopanda hadi machoni, na jicho hujiosha lenyewe kwa machozi. Mkataji akitoka nje akanawa, machozi hukoma na habari huishia hapo. Wapo, hata hivyo, watu ambao macho yao hutiririka pasipokuwapo kitunguu: wakiwa wameketi barazani jioni, wakiwa juu ya pikipiki, wakisoma maandishi madogo, au upepo wa kiangazi unapovuma kidogo tu. Aghalabu watu hao hujiona kuwa wana machozi kupita kiasi, na wafikapo dukani huomba dawa ya kuyapunguza. Baadhi yao, tena si wachache, wana ugonjwa ulio kinyume kabisa na wanavyodhani. Macho yao ni makavu.

Kosa hilo lina gharama. Mgonjwa hununua chupa moja ya matone, kisha ya pili, kisha ya tatu, na kila moja humpa nafuu ya siku chache. Miongoni mwa dawa za macho zinazouzwa zimo zenye steroidi, ambazo huondoa wekundu upesi na kwa sababu hiyo hupendwa sana. Zikitumiwa kwa muda mrefu bila usimamizi, dawa hizo huweza kupandisha presha ya jicho na kuharibu mshipa wa fahamu wa kuonea, huweza kuleta mtoto wa jicho, na endapo jicho lina kidonda chenye kuvu, hukifanya kidonda kienee kwa kasi. Uoni uliopotea kwa presha ya jicho haurudi. Mtu aweza basi kuanza na ukavu unaotibika na kuishia na upofu usiotibika, na yote hayo kwa kuwa hapana aliyempima.

Kwa nini jicho kavu hutoa machozi

Machozi si maji matupu. Katika kila kupepesa, kope hutandaza juu ya kioo cha jicho utando mwembamba mno wenye vitu vitatu: ute unaoushikisha utando kwenye jicho, maji yenye chumvi na kinga dhidi ya vijidudu, na mafuta yanayoelea juu ili maji yasiyeyuke upesi. Ute hutoka kwenye vijiseli vya ngozi nyororo ya jicho, maji hutoka kwenye tezi iliyo juu ya jicho upande wa nje, na mafuta hutoka kwenye tezi ndogo zilizopangana ndani ya ukingo wa kope zote mbili.

Kimoja kati ya vitu hivyo kikipungua, utando huchanika. Kioo cha jicho hubaki wazi kwa upepo na vumbi, mishipa ya fahamu huhisi ukali, na ubongo huamuru tezi imwage maji ya dharura. Machozi ya dharura ni mengi lakini hayana mafuta na ute wa kutosha, hivyo hupita tu na kuteremka shavuni. Mkulima wa kilimo cha umwagiliaji ataielewa tofauti hiyo bila shida: maji ya mfereji yanayoingia jarubani polepole huinywesha mizizi, ilhali mafuriko hupita juu ya ardhi ngumu na kuondoka zake.

Kutokana na hayo, wataalamu huugawa ukavu wa macho katika njia mbili kuu. Ya kwanza ni tezi kushindwa kutengeneza maji ya kutosha. Ya pili, ambayo huonekana zaidi, ni maji kuwapo lakini kuyeyuka upesi kwa kuwa mafuta ya kope ni haba au yameganda. Wagonjwa wengi huwa na mchanganyiko wa zote mbili. Kuitambua njia iliyotangulia ndilo lengo la vipimo, kwa sababu tiba ya moja haitoshi kwa nyingine.

Kipimo cha kwanza ni maswali

Mtu aendaye kupimwa macho asishangae akiulizwa maswali mengi kabla ya kuguswa. Je, macho huwasha, huchoma, au hujisikia kana kwamba yameingia mchanga? Huwa mabaya zaidi asubuhi au jioni? Uoni hufifia kisha hurudi baada ya kupepesa? Hali huwaje penye upepo, penye moshi wa kuni, mbele ya skrini ya simu? Hospitali nyingi duniani hutumia dodoso lenye maswali 12 ambalo alama zake huanzia 0 hadi 100, na mgonjwa mwenye alama 13 au zaidi hustahili kuendelea na vipimo vingine. Pasipo dodoso la kuandikwa, mtoa huduma mzoefu huyauliza yaleyale kwa mdomo.

Kuna maswali yanayoonekana kuwa mbali na macho ilhali yana uzito mkubwa. Umri ni mojawapo, kwa kuwa ukavu huongezeka kadiri mtu anavyozeeka, na wanawake waliokoma hedhi hupatwa zaidi. Kisukari, baridi yabisi na magonjwa ya tezi ya shingo vinahusika. Kinywa kikavu kinachoambatana na macho makavu humfanya daktari aufikirie ugonjwa ulioelezwa na Henrik Sjögren wa Sweden mwaka 1933, ambapo kinga ya mwili huzishambulia tezi za machozi na za mate. Dawa nazo huchangia: baadhi ya dawa za mzio na mafua, za shinikizo la damu, na za magonjwa ya akili hupunguza machozi. Hivyo ni jambo la busara kwenda na dawa zote anazotumia mgonjwa, zikiwa katika vifungashio vyake, pamoja na zile alizopewa na jirani. Hasa hizo.

Jicho kutazamwa, kope kupinduliwa

Baada ya maswali hufuata uchunguzi wa kope, na hapa ndipo kituo kidogo chenye tochi nzuri na kioo cha kukuzia kinapoweza kufanya kazi kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mtaalamu hutazama iwapo kope hufumba kikamilifu, iwapo mgonjwa hupepesa mara chache mno, iwapo ukingo wa kope ni mwekundu wenye magamba. Kisha huukandamiza ukingo huo taratibu kwa kidole au kijiti cha pamba. Kwa mtu mzima wa afya, matone madogo ya mafuta maangavu hutokeza. Kwa mwenye tezi zilizoziba, kinachotoka ni kitu kizito cheupe mfano wa dawa ya meno, au hakitoki chochote. Uchunguzi huo hauhitaji umeme wala mashine, na mara nyingi huonyesha chanzo chote cha tatizo.

Kope ya juu nayo hupinduliwa. Kwa wakazi wa Lumuma jambo hili lisipuuzwe, kwa kuwa kata hii imepakana na Mkoa wa Dodoma, ambako ugonjwa wa vikope, yaani trakoma, ulisumbua jamii kwa vizazi. Wilaya ya Kongwa mkoani humo imekuwa uwanja wa utafiti wa trakoma unaojulikana duniani tangu miaka ya 1980, na kugawiwa dawa kwa vijiji vizima kumepunguza sana maambukizi mapya. Dawa hizo, hata hivyo, haziwezi kufuta kovu la zamani. Mtu aliyeugua mara kwa mara utotoni hubaki na mistari myeupe ndani ya kope. Makovu hayo huviua vijiseli vya ute na huweza kuziba mirija ya machozi, na pengine huikunja kope hadi nywele zake zikwaruze kioo cha jicho. Tangu mwaka 1987 Shirika la Afya Duniani lina utaratibu mwepesi wa kuzitambua hatua za trakoma, ambao mhudumu wa ngazi ya chini anaweza kufundishwa kuutumia akiwa na kioo cha kukuzia tu. Mzee ambaye macho yake humchoma na kutiririka hana budi kutazamwa kwa namna hiyo kabla ya kupewa matone yoyote, kwa sababu ikiwa nywele zimegeukia ndani, kinachomfaa ni upasuaji mdogo wa kope.

Rangi, saa na karatasi

Vipimo vinavyofuata huwa na mpangilio, na mpangilio huo una maana. Kila kitu kinachogusa jicho huliamsha litoe machozi ya dharura, hivyo kipimo kinachosumbua kidogo hutangulia na kinachosumbua zaidi huwekwa mwisho. Atakayeanza na karatasi atakuwa ameuharibu utando aliotaka kuupima.

Cha kwanza ni rangi ya manjano iitwayo fluoresini. Kijikaratasi kilichopakwa rangi hiyo hulowanishwa kwa tone la maji salama, kisha huguswa ndani ya kope ya chini. Mgonjwa hupepesa mara chache, halafu huombwa atazame mbele bila kupepesa, huku mtaalamu akimulika kwa mwanga wa buluu kupitia darubini ya macho. Chini ya mwanga huo utando wa machozi hung'aa kijani. Mtaalamu huhesabu sekunde tangu kope zilipofunguka hadi doa jeusi la kwanza litokee; doa hilo ndipo utando ulipochanika. Huhesabu mara tatu na kuchukua wastani. Utando unaochanika kabla ya sekunde 10 huhesabiwa kuwa dhaifu, na ukichanika kabla ya sekunde 5 hali ni mbaya zaidi. Kuchanika mapema penye maji ya kutosha huashiria upungufu wa mafuta.

Rangi hiyohiyo hutoa ushahidi wa pili. Mahali ambapo ngozi ya kioo cha jicho imechubuka hunywa rangi na kubaki na nukta za kijani, na mpangilio wa nukta hizo husomeka mfano wa nyayo juu ya matope. Nukta zilizotapakaa sehemu ya chini au katikati ya kope mbili huelekea kwenye ukavu. Michubuko iliyosimama wima hudokeza kuwa kuna chembe ya mchanga iliyojificha chini ya kope ya juu. Mchoro wenye matawi mfano wa mti ni alama ya kirusi cha malengelenge, na hapo steroidi ni hatari kubwa. Doa moja kubwa lenye weupe ni kidonda, nacho ni dharura. Magonjwa hayo yote manne huweza kuanza kwa malalamiko yaleyale: jicho jekundu, linalochoma, lenye machozi. Muuzaji aliye nyuma ya meza hana namna ya kuyatofautisha kwa kutazama, hata awe mwaminifu kiasi gani.

Rangi hiyo haina madhara. Huweza kutia doa kwenye leso, na kamasi za siku hiyo huweza kuwa za manjano kwa kuwa machozi hushukia puani.

Cha mwisho ni karatasi, kipimo kilichobuniwa na daktari Mjerumani Otto Schirmer mwaka 1903 na ambacho bado hakijapitwa na wakati. Kipande cha karatasi ya kunyonya chenye upana wa milimita 5 na urefu wa milimita 35 hukunjwa nchani na kuning'inizwa kwenye kope ya chini, upande wa nje. Mgonjwa hukaa dakika 5, kisha hupimwa umbali ambao unyevu umeteremka. Zaidi ya milimita 10 huchukuliwa kuwa ni kawaida. Milimita 5 au pungufu huonyesha kuwa tezi ya maji imelemewa. Kipimo hiki ni cha bei nafuu na hakitaki umeme, lakini kina udhaifu wake. Karatasi huwasha, na mtu aliye na wasiwasi huweza kuilowanisha yote. Jibu la milimita 30 halimaanishi kwamba jicho halina ukavu; linamaanisha tu kwamba maji yapo. Ndiyo sababu hakuna daktari makini anayehukumu kwa karatasi peke yake.

Zipo pia mashine za kupima kiwango cha chumvi katika tone la machozi na za kupiga picha tezi za mafuta. Ni nzuri, na ni ghali. Mkazi asidhani kwamba bila mashine hizo hawezi kupimwa ipasavyo. Maswali, kope, rangi na karatasi hutosha kwa wagonjwa walio wengi.

Kuna kundi moja ambalo vipimo hulifichua ilhali lenyewe halilalamiki. Wenye kisukari cha miaka mingi, au waliowahi kupata malengelenge ya jicho, huweza kupoteza hisia katika kioo cha jicho. Jicho limechubuka, lakini halina uchungu. Mtaalamu huligusa kwa ncha ya pamba iliyosokotwa, kabla ya dawa yoyote ya ganzi, ili kuona kama mgonjwa atashtuka. Asiposhtuka, hatari ni kubwa kuliko ya yule anayelalamika kila siku.

Ukavu wa mtoto ni habari nyingine

Mtoto mwenye macho makavu asisubiri siku ya kliniki. Kwa watoto wadogo ukavu huweza kuwa dalili ya ukosefu wa vitamini A, na dalili ya kwanza huwa ni mtoto kujikwaa au kukataa kutembea jua linapozama, kwa kuwa haoni gizani. Baadaye weupe wa jicho hupoteza mng'ao na huweza kutokea madoa ya kijivu yenye mwonekano wa povu. Kutoka hapo hadi kioo cha jicho kulainika na kutoboka siku huweza kuwa chache, hasa kama mtoto ana surua au utapiamlo mkali. Hapa swali la mama kuhusu jioni ni kipimo chenye thamani kuliko karatasi.

Matone ya vitamini A hutolewa kwa watoto wa miezi 6 hadi 59 mara mbili kwa mwaka, na kumpeleka mtoto ni kinga iliyo rahisi kuliko zote. Mchicha, majani ya maboga, viazi lishe, papai, embe na maini huendeleza kinga hiyo nyumbani.

Kabla na baada ya kupimwa

Mwananchi mwenye dalili zilizotajwa anashauriwa kuanzia katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu naye na kuuliza siku ambazo mtoa huduma za macho hupatikana. Asipopatikana, au vifaa vikipungua, mgonjwa aombe rufaa ya Hospitali ya Wilaya ya Kilosa, na kutoka huko, ikilazimu, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Morogoro. Siku ya kupimwa asitie matone wala wanja. Dawa iliyomo jichoni saa moja kabla ya kipimo hubadili majibu. Anayetumia matone ya presha ya jicho asiyaache kwa uamuzi wake, bali aulize.

Majibu yakionyesha mafuta yaliyoganda, sehemu kubwa ya tiba hufanyika nyumbani: kitambaa safi kilicholowanishwa kwa maji ya moto yanayovumilika huwekwa juu ya kope zilizofumbwa kwa dakika 5 hadi 10, kisha kope hukandwa taratibu na kusafishwa, kila siku, kwa majuma kadhaa. Ni kazi ya subira na wengi huiacha mapema. Yakionyesha upungufu wa maji, mgonjwa huandikiwa machozi ya bandia, ambayo hutumika kwa muda mrefu na wakati mwingine maisha yote. Kwa wote wawili, kuhamisha jiko la kuni mahali penye hewa na kuvaa miwani wakati wa upepo na vumbi hupunguza adha.

Maji ya majani, maziwa ya mama, mkojo na maji ya sukari visitiwe jichoni kamwe. Jicho kavu lina ngozi iliyochubuka tayari, na vijidudu hupenya penye mchubuko. Sumu ya kunyunyizia mashamba ikiruka jichoni, jicho lioshwe papo hapo kwa maji safi mengi yanayotiririka, kwa muda usiopungua dakika 15, ndipo safari ya kituoni ianze. Maumivu makali, uoni kushuka ghafla, kushindwa kuvumilia mwanga, au doa jeupe juu ya kioo cha jicho ni mambo ya kupelekwa kituoni siku hiyohiyo.

Mgonjwa aliyekwisha kupimwa aombe tarakimu zake ziandikwe kwenye kadi au daftari lake: sekunde za utando, milimita za karatasi, na jicho lipi. Atakaporudi baada ya mwezi mmoja au zaidi, pengine atakutana na mhudumu mwingine, na tarakimu hizo ndizo zitakazomwonyesha mhudumu huyo kama jicho limepata nafuu au la.